Chamazi, Kambi Moto na mpangaji asiyehesabiwa: maskini wanaojijengea nyumba mjini

#1 MpimaWaTemeke

Wakuu, habari za muda huu.

Kila tukigusa makazi ya watu wa kipato cha chini hapa Dar, mjadala unaishia NHC, yaani Shirika la Nyumba la Taifa, au benki. NHC ipo tangu 1962, imejenga, sikatai, ila muuza mihogo wa Mtoni kwa Aziz Ali hayumo kwenye hesabu zake. Benki ya Nyumba ilikufa 1995. Mikopo ya nyumba iliyopo sasa inataka hati ya kiwanja na slipu ya mshahara, na mama lishe hana hata kimoja. Leo nataka tuongelee watu waliojipanga wenyewe: vikundi vya akiba, shirika lisilo la faida likiwa pembeni kuwasaidia kwa wataalamu na makaratasi, wakanunua ardhi, wakajenga.

Mfano wetu mkubwa ni Chamazi, pembezoni mwa jiji, mbele ya Mbagala. Wanaoikumbuka Kurasini ya 2007 na 2008 wanajua hali ilivyokuwa. Bandari ilitaka kupanuka, wakazi wakatakiwa kupisha. Wakati huo Centre for Community Initiatives, CCI kwa kifupi, ilikuwa imeshaanza kazi tangu 2004 pamoja na shirikisho la vikundi vya maskini wa mijini. Wanachama wa Kurasini, wengi wao wanawake, walitumia akiba zao kununua ekari 30 huko Chamazi na kuunda ushirika wa nyumba. Matofali ya kufungamana walifyatua wenyewe. Nyumba ilianza na chumba kimoja au viwili, mtu anaongeza kadiri anavyopata. Majitaka hayakuachwa kila mtu achimbe shimo lake, yalipelekwa kwa mabomba kwenye bwawa la kusafishia lililopandwa mimea. Halafu suala la ukubwa wa kiwanja. Kiwango cha zamani cha mipango miji kilikuwa mita za mraba 400 hata kwa eneo la msongamano mkubwa, na kwa ukubwa huo ekari 30 zinamalizwa na watu wachache tu. Wakaomba viwanja vidogo zaidi, wakaruhusiwa.

Mimi ni mpima ardhi na nimeona miradi mingi ya viwanja. Matofali hayanishangazi. Ninachokitazama ni nani anahesabiwa kabla ya kujenga. Fidia zetu huwa hivi: mthamini anakuja, anapima nyumba, anahesabu miti na choo, anaongeza posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya soko ya mwezi mmoja mara 36. Vyote hivyo vinamfuata mwenye nyumba. Ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, inaweza kuwa na familia tano za wapangaji. Kwenye jedwali la mthamini ni jengo moja na mdai mmoja. Mthamini anahesabu kuta. Mpangaji anaondoka na godoro lake.

Chamazi mpangaji aliingia, kwa sababu tiketi ilikuwa kitabu cha akiba na uanachama. Naona hapo ndipo penye maana kuliko ramani yoyote ya nyumba. Karibuni, hasa mnaokaa huko.

#2 KobeWaKeko

Nimeketi paleee. Ngoja waje wenyewe.

#3 FyatuaTofali

Mkuu umeandika vizuri lakini mimi na NGO hatuivi chungu kimoja. Nimekuwa fundi ujenzi miaka mingi. Wanakuja na magari meupe, semina hotelini, chai na sambusa, picha na akina mama wameshika tofali, ripoti inakwenda Ulaya. Mfadhili akiondoka, kisima kinaharibika pampu na hakuna wa kuuliza. Kama ni nyumba, serikali ipime viwanja vya bei nafuu, watu wajenge. Mradi wa viwanja 20,000 ulianza 2002, si ulifanya kazi?

#4 MpimaWaTemeke

FyatuaTofali, viwanja 20,000 ulifanya kazi kwa aliyekuwa na pesa mkononi. Nenda Bunju au Mbweni uangalie mageti. Sisemi mradi ulikuwa mbaya, ila yule wa kupanga chumba kimoja Kurasini hakuugusa.

Kuhusu semina hotelini nakuunga mkono kabisa, hiyo kansa ipo.

#5 MamaWawili_RangiTatu

Jamani mimi naishi Mbagala Rangi Tatu na Chamazi naenda mara kwa mara kwa biashara zangu za vitenge. Niongee kama mama.

Nyumba yako mwenyewe ni raha, hakuna wa kukugongea mlango tarehe moja wala kukudai kodi ya miezi sita kwa mpigo. Watoto wana pa kuchezea. Hilo msilibeze, maana sisi wapangaji tunaujua ule unyonge wa mtoto wako kukatazwa kuchota maji uani kwa sababu mtoto wa mwenye nyumba hajamaliza kufua.

Lakini Kurasini mwanamke alikuwa anatoka nyumbani kwa miguu, anauza chai kwa makuli wa bandarini, saa nne yuko nyumbani kapika uji wa mtoto. Ukimpeleka Chamazi, anaamka saa tisa usiku, daladala hadi Rangi Tatu, halafu Kilwa Road na foleni yake. Mtoto anabaki na nani? Na dada yake wa miaka kumi, ambaye siku hiyo haendi shule. Wengi ninaowajua waliacha biashara ya mjini wakaanza genge hukohuko, na genge la Chamazi si chai ya bandarini. Wateja wako ni majirani wenzako wasio na hela. Siku Yanga au Simba wakicheza kwenye uwanja wa Azam Complex hukohuko Chamazi ndiyo unaona mzunguko wa fedha, kesho yake kimya.

Kwa hiyo mleta mada, mpangaji alihesabiwa sawa. Nauli yake ilihesabiwa na nani?

#6 KobeWaKeko

Mama kapiga palepale.

#7 MwanaMathare

Salamu kutoka Nairobi. Huwa nasoma tu humu, leo imebidi nijiunge na mazungumzo kwa sababu hilo swali la dada ndilo watu wa Kambi Moto walilianza nalo.

Kambi Moto iko Huruma, upande wa Mathare. Ardhi ilikuwa ya kanjo, yaani halmashauri ya jiji, kwenye ramani imeandikwa maegesho ya magari, lakini juu yake kulikuwa na vibanda vya mabati vimebanana, na moto ukishika kimoja vinaisha vyote. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, ulikuwa umeanza 1996 kupigana na ubomoaji na unyakuzi wa ardhi za mitaa kama hii. Mwaka 2000 likaundwa shirika la kuwasaidia, Pamoja Trust, likiongozwa na wakili Jane Weru. Baadaye wakawa na mfuko wao wa mikopo, Akiba Mashinani Trust.

Wakazi walikataa kuhamishwa nje ya jiji. Wakajihesabu wenyewe, mlango kwa mlango, kijana wa mtaa ameshika karatasi, kila mtu anasikia jina la jirani likisomwa na kama ni uongo anasema ni uongo. Kisha wakasimamisha mfano wa nyumba wa kitambaa, wa ukubwa kamili, watu wakaingia, wakabishana ngazi ikae wapi. Familia zilikuwa 270 hivi, ardhi kidogo mno. Kila moja ikapata mita nne na nusu kwa nne na nusu. Nyumba 34 za kwanza zikajengwa 2003, chini na ghorofa mbili juu yake, na dari zake si zege la kumwaga. Ni vipande vinavyofyatuliwa chini kwanza, vinaitwa laadi, teknolojia waliyojifunza kwa wenzao wa India. Wengi wa waliofyatua walikuwa akina mama.

Sasa kwa mleta mada: wenye vibanda na wapangaji walipata sawa. Mtu aliyekuwa na vibanda vinane anakodisha alipata nyumba moja, na mpangaji wake akapata moja. Hiyo haikuja kwa upole. Kulikuwa na vikao vya usiku, kulikuwa na vitisho, na kuna wenye vibanda hadi leo hawasalimiani na viongozi. Lakini ardhi ilikuwa ya umma, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na hati ya kuwatishia nayo wengine, na kanjo ilikubali kukaa mezani kwa sababu watu walikuja na idadi yao kamili wakati kanjo yenyewe haikuwa nayo.

Mama wa Kambi Moto anayeuza mboga Huruma bado anauza Huruma.

#8 FyatuaTofali

Mita nne na nusu kwa nne na nusu! Mwanangu, hiyo ni mita za mraba 20. Mimi hapo naweka choo na stoo. Mnataka maskini wakae kwenye kiota mkishangilia?

#9 MwanaMathare

Mzee, ni 20 kwa kila ghorofa. Ukimaliza zote tatu una karibu 60, na kibanda cha awali kilikuwa kama futi kumi kwa kumi na choo cha kulipia barabarani. Lakini una haki kiasi: wengi walikwama chini. Mkopo wa kwanza unajenga chini na choo, juu unapandisha ukipata. Kuna waliokaa miaka na nondo zinazotazama mbingu. Na mzee wa miaka sabini ngazi hizo si rafiki zake. Hatukupewa chaguo kati ya kidogo na kikubwa. Ilikuwa kidogo hapa au kikubwa kule ambako hakuna kazi.

#10 WakiliWaUswahilini

Niingie upande wa sheria maana naona watu wanachanganya mambo.

Kwanza, kinga ya mpangaji Tanzania ni nyembamba sana. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya 1984, yenye baraza lake, ikafutwa 2005. Tangu hapo mnakutana na mwenye nyumba mkataba wa karatasi moja, kodi ya mwaka mbele, na akitaka kukutoa anakutoa. Ndiyo maana mtu yuko radhi kwenda Chamazi hata kama nauli inamla. Ananunua kutokufukuzwa.

Pili, umiliki wa pamoja. Ushirika ukishika ardhi kwa jina moja, tajiri hawezi kuja na begi la pesa kumnunua mmoja mmoja. Nairobi wanalijua hili, mtaa ukishapendeza wanunuzi wanajaa. Hasara yake ni kwamba mwanachama hana hati ya kwenda nayo benki. Nimeona vikundi vikivunjika juu ya hili: nusu wanataka hati binafsi, nusu wanaogopa waume au watoto wakubwa watauza.

Na hapo kwenye waume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwenye karatasi ni nzuri. Uswahilini nyumba inauzwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi wawili, asilimia kumi ya ofisi, na mke anaambiwa jioni. Kikundi chenye kitabu cha akiba kwa jina la mwanamke kinamlinda kuliko kifungu hicho, kwa sababu mume akija na mnunuzi anawakuta wanachama kikaoni.

#11 MamaWawili_RangiTatu

Wakili hapo kwenye "anaambiwa jioni" umenikumbusha mambo ya jirani yangu, tuyaache.

#12 BombaLaVingunguti

Wadau, mnajadili kuhama au kubana, mmesahau njia ya tatu ambayo ni kubaki ulipo na kuleta huduma. Vingunguti watu hawakuhamishwa. CCI na vikundi vya mtaani walileta mabomba membamba ya majitaka, yanapita vichochoroni ambako gari la kunyonya haliwezi kuingia, yanakwenda kwenye mabwawa ya majitaka ambayo yapo hapohapo Vingunguti miaka yote, sisi tunayanusa tu bila kuyatumia. Kaya inaunganishwa kwa kuchangia na kulipa kidogokidogo.

Aliyekaa uswahilini masika anajua maana yake. Mvua kubwa ikinyesha, kuna watu hutapisha vyoo, yaani wanafungua shimo uchafu ufuate maji ya mvua hadi kwa jirani wa bondeni. Kipindupindu kinafuata. Mtoto anaharisha wiki nzima, mama haendi kazini, hela ya akiba inakwenda dawa. Mimi bomba naliita huduma ya familia hata kama halina picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti.

Sema tatizo: choo kinaunganishwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba akishaunganisha anapandisha kodi. Mpangaji aliyepiga kelele bomba lije ndiye anayehama.

#13 FyatuaTofali

Hapo kwenye kupandisha kodi nimeshuhudia kwa macho. Na wanaopandisha ni sisi wenyewe, wazee wa mtaa, wala si matajiri wa Masaki.

#14 MpimaWaTemeke

Narudi. Mmenifunza, na mmenipa hoja ya kukaza.

MamaWawili, nauli haikuhesabiwa na yeyote. Na sidhani wanachama wenyewe hawakuijua. Walinunua pale kwa sababu ndipo akiba yao ilipofika. Ardhi ndani ya Temeke ya mjini haikuwa inauzwa kwa bei ya vitabu vya akiba. Kwa hiyo lawama ya umbali nisingeiweka kwa kikundi wala kwa shirika. Jiji lina maeneo ya umma katikati: kota za zamani, yadi, viwanja vya taasisi vilivyoota majani. Kambi Moto ilifanikiwa kwa sababu ardhi ilikuwa ya halmashauri na halmashauri ikakubali kuiachia. Sisi ardhi ya namna hiyo ikipatikana inakwenda kwenye jengo la ghorofa kumi na mbili, chini maduka.

Na BombaLaVingunguti ameleta kipande kilichokuwa kinanisumbua. Ukileta huduma bila kumhesabu mpangaji, unampa mwenye nyumba sababu ya kupandisha kodi. Fidia isiyomhesabu inamwacha barabarani. Hata nyumba mpya inamwendea mwenye hati. Kila mara ni daftari lilelile. Ndiyo maana nikiulizwa na mtu anayetaka kuchangia shirika la namna hii, sitauliza wamejenga nyumba ngapi. Nitaomba waniletee orodha ya kaya za mtaa nione kama wapangaji wameandikwa kwa majina, chumba kwa chumba.

Wakenya wamelipeleka mbali zaidi Mukuru, mtaa mkubwa wa mabanda Nairobi. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Kaya kama laki moja, Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani. Walipanga wakazi kaya kumi kumi ili kila kundi litoe sauti kwenye mpango wa barabara, maji, shule na afya. Sisi balozi wa nyumba kumi tunaye tangu enzi za TANU, tunamtumia kwa barua za utambulisho tu.

#15 MwanaMathare

Ndugu, ongeza na upande wa pili usije ukawadanganya watu wako. Barabara za Mukuru zilikuja, mifereji ya majitaka ikaja sehemu kadhaa. Lakini Novemba 2021 sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara, maelfu ya watu wakalala nje, mpango ukiwa umeshaandikwa. Tingatinga halisomi mpango. Kilichosaidia siku hizo ni zile kaya kumi kumi: watu walijua nani amekosa blanketi na mtoto wa nani hajulikani alipo. Orodha haikuzuia kubomolewa.

#16 FyatuaTofali

Sasa hapo ndipo napata shida na hoja yote. Kama orodha haizuii tingatinga, na ardhi ya katikati hatupewi, maskini anafanya nini kesho asubuhi?

#17 BombaLaVingunguti

Anaweka akiba. Hakuna jingine analoweza kulifanya peke yake. Vikundi vya shirikisho mwekahazina anapita nyumba kwa nyumba, hata kama una sarafu tu anaandika. Tofauti na upatu ni kwamba upatu ukipokea zamu yako umemaliza, hapa vikundi vimeungana na vina mfuko wa mikopo unaoitwa Jenga. Unakopa cha choo, unarudisha, unakopa cha chumba. Na yule anayepita kila siku anajua aliyeugua kabla hata shemeji hajapigiwa simu.

#18 FyatuaTofali

Sawa. Hiyo naielewa, kijiwe chetu cha mafundi tuna kitu kama hicho. Ila bila semina.

#19 MamaWawili_RangiTatu

Nina ombi kwa yeyote aliye na kikundi kinachopanga kununua ardhi. Kabla ya kuchora vyumba, wekeni chumba kimoja cha watoto wadogo, na lipeni mama mmoja au wawili wa hukohuko kuwalea kuanzia alfajiri. Si lazima kiwe na bembea. Mkeka, uji, maji safi na mtu mzima mwenye akili. Mama anayetoka saa kumi alfajiri akiwa na uhakika wa mtoto, ile nauli ya Chamazi anaweza kuibeba. Bila hivyo atauza nyumba kimyakimya arudi kupanga chumba Mtoni, na mimi sitamlaumu.

#20 KobeWaKeko

Swali la mwisho kutoka kwangu, tena lina mtu ndani yake. Shangazi yangu yuko kwenye kikundi cha akiba cha kiwanja, si hao mliowataja. Amechangia miaka, sasa anaumwa. Hana mtoto wa kumzaa, analea wajukuu wawili wa dada yake. Akiondoka, ile haki yake inakwenda wapi? Ndugu wa kiumeni wameshaanza kuulizia.

#21 WakiliWaUswahilini

Pole sana kwa ugonjwa wa shangazi. Chukua kalamu.

Omba katiba ya kikundi leo, uone kama kina kipengele cha mteule. Vyama vya ushirika huwa na fomu ya kumtaja mtu wa kupokea hisa na akiba za mwanachama akifariki. Vikundi vidogo vingi havina. Kama ipo, ajaze akiwa na akili timamu, mbele ya viongozi, nakala ibaki kwake na nyingine kwenu. Kama haipo, aombe kikao, matakwa yake yaandikwe kwenye muhtasari na wanachama wasaini.

Zaidi ya hapo aandike wosia, maana wajukuu wa dada hawaingii moja kwa moja kwenye orodha ya warithi, kwa kimila wala kwa Kiislamu. Kama ni Muislamu, wosia kwa asiye mrithi una mpaka wa theluthi moja, kwa hiyo mpigie hesabu na shehe anayeaminika. Mashahidi wasiwe wanaonufaika. Hao ndugu wa kiumeni wakija na muhtasari wa kikao cha ukoo Mahakama ya Mwanzo kabla yenu, mtakuwa mnakimbizana nao miaka.

Na vitabu vya akiba visikae kwake peke yake. Pigeni picha kila ukurasa.

#22 KobeWaKeko

Asante wakili. Kesho naenda kwake Keko Machungwa, nitamwomba mwekahazina wao awepo.